Kiota Bandia cha Kufukuzia Nyigu: Ushonaji Mzuri, Dai Lisilosimama

Kiota bandia ni mfuko wa kitambaa cha kijivu ambao mnunuzi huukunjua na kuutundika chini ya ukingo wa paa. Maelezo ya kwenye pakiti yanadai kwamba nyigu hulinda eneo lake kwa ukali, na kwa hiyo mgeni akiona kiota cha wenzake hugeuza na kwenda kujenga kwingine.

Mfuko wenyewe umetengenezwa vizuri. Hauna sumu, mshono wake ni imara, na mistari iliyochapwa ubavuni inafanana sana na ile karatasi ambayo nyigu huitengeneza kwa kuparua mbao, kuzitafuna na kuzichanganya na mate. Hata hivyo, nilipoutundika, nyigu waliendelea kupita kando yake bila kusita, na malkia mmoja akashikiza kikonyo cha kiota chake kwenye boriti ileile, karibu kabisa na mfuko, akaanza kujenga vyumba vya mwanzo.

Matokeo hayo hayamshangazi anayejua jinsi nyigu wanavyotambuana. Wale wanaoishi kwa jamii humjua mwenzao wa kiota hasa kwa harufu: ngozi ya kila mmoja imepakwa mchanganyiko wa haidrokaboni (kemikali zenye asili ya mafuta au nta) ambao ni wa kiota chao, nyigu mchanga huupata kwenye karatasi ya kiota alimozaliwa, na mgeni anapotua huguswaguswa kwa vipapasio kabla ya kupokewa au kufukuzwa. Mfuko wa kitambaa hauna harufu hiyo wala hauna mlinzi. Isitoshe, ni jambo la kawaida kukuta viota kadhaa vya nyigu wa karatasi chini ya paa moja, na hilo peke yake linalidhoofisha dai la mtengenezaji.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba dai hilo linawaficha wasomaji uwezo halisi wa mdudu huyu, ambao ni wa ajabu kuliko yote yaliyoandikwa kwenye pakiti. Katika Polistes fuscatus, spishi ya nyigu wa karatasi wa Amerika Kaskazini, ambamo malkia kadhaa huweza kuanzisha kiota kwa pamoja, nyigu wanajuana kwa sura. Mwaka 2002 mtafiti Elizabeth Tibbetts alionyesha kwamba nyigu aliyebadilishwa alama za usoni kwa rangi hushambuliwa na wenzake wa kiota, na kwamba ukali huo hupungua wanapoizoea sura yake mpya. Mwaka 2008, yeye na Michael Sheehan walionyesha kwamba nyigu waliokwisha kukutana walitendeana kwa upole zaidi baada ya wiki nzima, ingawa katikati walikuwa wamechanganyika na wengine wengi. Utafiti wao wa mwaka 2011 ulibaini kwamba spishi hiyo hujifunza picha za nyuso za nyigu haraka kuliko picha nyingine, lakini vipapasio vikifutwa kwenye picha, wepesi huo hupotea. Mdudu anayetofautisha sura kwa undani kiasi hicho hatarajiwi kudanganywa na kitambaa kilichochapwa mistari.

Kumbukumbu ya mahali nayo ni kali. Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, aliuzungushia mlango wa shimo la nyigu mchimbaji koni za misonobari, kisha nyigu alipotoka kuwinda, mtafiti huyo akazihamishia kando. Nyigu aliporudi, alitua katikati ya koni, si kwenye shimo lake. Ndiyo maana kiota kikishakuwapo, mfuko uliotundikwa jirani hauwezi kumhamisha mwenyewe.

Anayetaka kuzuia viota atafaidika zaidi akikagua kingo za paa mwanzoni mwa msimu, wakati malkia bado yuko peke yake na vyumba ni vichache, na akiziba mianya ya ukutani kabla haijakaliwa. Bidhaa hii naipa nyota mbili kati ya tano, kwa ushonaji wake na kwa kutomdhuru kiumbe yeyote, na ninamsihi mtengenezaji aliondoe dai lile kwenye pakiti.