Kushusha Subaru Nakuru: springi fupi au koilova?

Kwa Impreza WRX ya kutumia kila siku, springi fupi zinazoshusha milimita 25 hivi zinatosha. Ni ngumu kuliko za kiwandani, kwa hiyo gari halilali sana kwenye kona. Shoki zako unabaki nazo, mradi ziwe nzima. Zilizochoka zitalidundisha gari.

Koilova, yaani shoki na springi zilizounganishwa, ni ghali, ila urefu unaupanga mwenyewe. Tafuta zenye kikombe cha chini (sehemu inayoshikilia shoki upande wa gurudumu) kinachozungushwa: hushusha gari bila kupunguza mwendo wa shoki, yaani nafasi yake ya kupanda na kushuka. Za bei rahisi husogeza kiti cha springi tu.

Wengi hukosea wakidhani kadiri gari linavyoshuka ndivyo linavyoshika barabara. WRX ina mfumo wa MacPherson mbele: shoki iliyo ndani ya springi hushika gurudumu juu, na mkono mmoja wa chuma hulishika chini. Ukilishusha kupita kiasi, ncha ya mkono huo wa chini iliyo upande wa gurudumu hubaki juu, na kitovu cha mlalo (nukta ambayo gari hulalia kwenye kona) huzama haraka kuliko kitovu cha uzito. Springi zisipokuwa ngumu vya kutosha, gari hulala kuliko mwanzo! Tena shoki hugonga mpira wa mwisho, ule unaoizuia isishuke zaidi, katikati ya kona na tairi huteleza ghafla.

Kukata springi kwa grainda si chaguo. Hazikai tena kwenye kiti chake.

Kwa matuta ya Nakuru na vumbi la Njoro, chukua springi fupi. Boliti za bushi (mipira ya viungo vya mikono) zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi hupasuka. Kisha alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, kabla tairi halijaliwa upande wa ndani.