Miaka mitatu na shule ya Anglikana huku mikoani Australia, uzoefu wangu

Wazazi wenzangu mnaohamia jimbo la New South Wales, hasa sisi tunaofanya kazi hospitali na nyumba za wazee, swali la shule mnaniuliza kila wiki basi wacha niandike mara moja. Jina la shule sitaji, ni aina ile utakuta Dubbo, Albury, Wagga ama Coffs Harbour, ya kibinafsi, ya Anglikana, wavulana na wasichana pamoja, wadogo mpaka Year 12 (mwaka wa mwisho wa sekondari) kwa kiwanja kimoja.

Mimi nimekulia ACK, kanisa la Anglikana la Kenya, kwa hivyo nikidhani ni kama zile shule za kanisa nyumbani, mabweni na kengele alfajiri, kumbe hii yetu ni ya kutwa na watoto wengi Jumapili hata kanisani hawaendi. Ibada ni mara moja kwa wiki, fupi tu. Lakini siku ya kwanza binti yangu alirudi akaniambia "mum, walisema Baba Yetu, mimi nikasema kwa Kiswahili pole pole na tukamaliza pamoja". Aki nililia.

Kitu kingine ni kofia. Jua la huku ni kali, bila kofia mtoto haruhusiwi kucheza nje, na binti alikuwa amesukwa rasta nene, kofia ya sare ikakaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria ndogo. Yule mama wa duka la sare za mitumba hapo shuleni akashusha rafu nzima, akamjaribisha moja moja mpaka akapata moja kubwa ya kijana aliyemaliza, akaandika jina la binti ndani hapo hapo. Shule ni ndogo, wanamjua mtoto wako kwa jina, na hiyo kwangu ndio nalipia.

Karo ni maelfu ya dola kwa mwaka, ila haifiki zile shule kubwa za Sydney zinazopita 40,000. Nalipa kila wiki mbili mshahara ukiingia. Nauli ya basi la shule nayo usilipe kabla hujauliza, ukiwa na PR (ukaazi wa kudumu) mtoto wa Year 7, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, kwenda juu anayeishi zaidi ya kilomita 2 kutoka shule huwa anapewa pasi ya bure na jimbo hata kama shule ni ya kibinafsi.

Sasa penye iliniuma. Kijana wangu mkubwa alifika Year 11 akitaka Fizikia, wanafunzi walioichagua walikuwa wachache mno na darasa halikufunguliwa, nikamhamishia shule ya serikali. Nikaletewa bili ya term (muhula) nzima ambayo hakusoma hata siku moja! Kumbe fomu niliyosaini inasema utoe notisi term moja mbele, niliisaini usiku nikitoka shifti bila kusoma. Nilibembeleza ofisi, wapi, nikalipa yote. Kwa hivyo uliza masomo ya Year 11 mtoto akiwa bado Year 7, na ile karatasi ya notisi isome ukiwa umelala vizuri.

Binti bado yuko huko, na simtoi.