TAHADHARI kwa wenye magari Mtwara na Lindi: wanakuambia taa nzima imekufa, kumbe ni balbu tu

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na kote Kusini, naomba msome hii yote, hasa nyinyi mnaosafiri usiku. Hapa Mtwara mjini kuna duka la spea linaloshirikiana na fundi umeme wa magari anayekaa kibarazani pake. Wanawavua watu taa za nyuma ambazo ni nzima, wanawawekea feki, kisha zile nzima wanaziuza upya. Mimi wamenipiga shilingi 340,000. Hela inauma, lakini kilichoniamsha usiku niandike ni kwamba kwa siku tisa nimepita barabara ya Masasi bila taa za breki, na mojawapo ya safari hizo nilikuwa nimempakia mke wangu na mtoto wetu wa mwisho.

Mimi nabeba dagaa na samaki wakavu kutoka Mikindani, napeleka Ndanda na Masasi. Gari ni Toyota ya zamani, ile ya mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeshaanza, malori yanashuka bandarini usiku na mchana. Trafiki akanisimamisha kabla sijafika Mnazi Mmoja. Akazunguka nyuma, akaniambia nikanyage breki, akarudi dirishani: "Mzee, stopu ya kushoto haiwaki." Angeweza kuniandikia faini ya 30,000, hakufanya hivyo. Alinisihi tu nikifika mjini nitengeneze, kwa sababu malori ni mengi. Namshukuru mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nikaenda dukani kununua balbu. Nilisema hivyohivyo: nataka balbu ya stopu, yaani ya taa ya breki. Kijana wa kaunta akanijibu kwa upole, "Mjomba, usinunue kwanza. Lete gari fundi aangalie, isije ikaungua tena ukaona tumekuuzia mbovu." Maneno ya mtu mwenye busara, na ndipo wanapoingilia. Fundi akaja na spana, akafungua mlango wa nyuma, akagusagusa waya, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mzee wangu, jua hili kali, kapate chai pale kwa mama. Nipe dakika ishirini."

Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, taa zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa chini juu ya gunia na waya zake zimeshakatwa. Hakuzichomoa kwenye soketi, amezikata kwa koleo. Akainua ya kushoto, akanionyesha matone ya maji ndani ya kioo. "Maji ya chumvi yameingia, imepiga shoti. Ukiendelea kuwasha hivi unaunguza gari." Mtu akishakutajia gari kuungua, unabaki huna swali. Nikauliza, na ya kulia je? Akasema ukibadilisha moja rangi zitapishana, trafiki watakusumbua. Nimeendesha miaka mingi, sijawahi kusimamishwa na trafiki kwa sababu ya rangi kupishana. Wao wanatazama taa inawaka au haiwaki.

Kila taa 160,000, "orijino kabisa, imetoka Japani", na ufundi 20,000. Nusu nikalipa mkononi, nusu kwa simu, na jina lililotokea kwenye simu halikuwa la duka wala la fundi. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao, nipite kesho. Nikapewa kipande cha karatasi ya daftari, hakina jina wala mhuri. Taa zangu za zamani? "Hizo mbovu mzee, tuachie tukutupie." Nikaziacha.

Sasa sikilizeni dalili, maana huenda kuna mtu anasoma hapa na gari lake liko hivi muda huu.

Usiku wa kwanza tu, taa mpya ya kushoto ilifanya ukungu ndani. Siku ya pili indiketa ya kushoto ikaanza kwenda mbio, tiki-tiki-tiki, haraka kuliko ya kulia. Nikapuuza. Siku ya nne tulikuwa tunaondoka Mikindani alasiri, taa zote nimezima, mke wangu amekaa mbele amempakata mtoto. Tunakata kona akaniuliza, "Baba Zuhura, mbona kila ukikanyaga breki saa inawaka?" Nikatazama. Kweli, nikikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka, nikiachia zinazima. Nikasema labda ndivyo zilivyo taa mpya. Tukaenda zetu.

Siku ya tisa, usiku, karibu na Nyangao, mbuzi walikatiza barabara. Nilifunga breki. Lori lililokuwa nyuma yangu lilinikwepa kwa kuingia upande wa pili, likaja kusimama mbele tairi zikinuka. Dereva akashuka anatetemeka. Hakunitukana. Alisema, "Kaka, wewe unasimama bila kuonyesha. Nyuma kwako pamewaka vilevile tu, sikujua kama umefunga breki." Angekuja mwingine upande ule mwingine, leo kungekuwa na matanga katika nyumba zaidi ya moja.

Masasi nilimpata fundi mzee, nikasimama kichwani pake mwanzo mpaka mwisho. Taa alizitoa kwa dakika chache. Vile vipini vya plastiki vya ubavuni, vinavyoshikilia taa kwenye bodi, vyote vilikuwa vimevunjika na pamepakwa silikoni. Waya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, hakuna soketi. Kwenye indiketa ya kushoto pamewekwa kibalbu kidogo kisicho cha pale, ndiyo maana ilikuwa inakimbia. Kisha akatoa balbu ya stopu, akaipangusa kwenye suruali na kuniweka kiganjani.

Hapa ndipo nilipoelewa, na nataka na nyinyi muelewe. Kwenye magari mengi, balbu moja ya nyuma inafanya kazi mbili. Ndani ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 wa taa za kawaida za usiku, na mwingine wa wati 21 wa breki. Chini yake ina vitone viwili vya risasi. Vile vijipini viwili vya ubavuni havilingani, kimoja kiko juu kuliko mwenzake, makusudi ili usiweze kuiingiza kinyume. Balbu aliyonipa mzee ilikuwa ya uzi mmoja, kitone kimoja katikati, vijipini vimelingana. Ilikuwa imesukumwa kwa nguvu kwenye holda (kile kishikio cha balbu) ya nyuzi mbili, na hicho kitone kimoja kinagusa miguu yote miwili ya holda kwa pamoja. Kwa hiyo umeme wa breki unarudi kwenye njia ya taa za usiku, ndipo dashibodi inawaka mchana ukikanyaga breki. Na usiku, ukishawasha taa, uzi huo mmoja unakuwa umewaka moja kwa moja. Ukikanyaga breki hakuna kinachobadilika nyuma. Aliye nyuma hana pa kuonea.

Mzee alitengeneza soketi, akaweka balbu za nyuzi mbili kila upande. Balbu moja shilingi 2,000.

Niliporudi Mtwara nilikwenda dukani moja kwa moja kutoka barabarani. Na nilichokikuta rafuni ni taa yangu ya kulia. Imeoshwa, inang'aa, iko ndani ya mfuko wa nailoni. Nitaijuaje? Kona ya chini ina ufa wa urefu wa kucha, na binti yangu aliupaka rangi nyekundu ya kucha mwaka jana ili maji yasiingie. Ile rangi ipo. Palikuwa na mteja kutoka Newala anaishika, gari lake kama langu, anaambiwa 220,000, "orijino, imetoka Japani". Nikamwambia ndugu yangu iweke chini, hiyo imetoka kwenye gari langu siku kumi zilizopita.

Walikana. Wakaniuliza ushahidi uko wapi. Bahati nilikuwa na picha kwenye simu, nimesimama napakia matenga mlango wa nyuma umefunguliwa, na ukiikuza kile kialama chekundu kinaonekana. Nikaenda polisi, nikaandikisha, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu pale polisi. Kabla shauri halijafika mbali wakanirudishia taa ya kulia. Hela wamekataa, na ile karatasi ya daftari hainisaidii kitu. Ya kushoto wanasema ilishauzwa.

Na ile ya kushoto iliyodaiwa kupiga shoti? Fundi mzee alinieleza: matone ya maji ndani ya kioo mara nyingi ni mpira wa nyuma wa taa kuchoka, unakausha na kubadilisha mpira. Kilichokufa kilikuwa balbu. Shilingi 2,000.

Sisemi mafundi wote wako hivi. Huyo wa Masasi kanirudishia uhai. Lakini kazi yenyewe mtu unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, na aliyewahi kuifanya hata mara moja hadanganyiki tena. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya aina hii, ukifungua mlango wa nyuma unaona bolti mbili pembeni ya taa, mara nyingine zimefichwa na vifuniko vya plastiki vinavyobanduliwa kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Zima gari, zima taa. Spana namba 10, fungua zote mbili, ziweke kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Kisha vuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma ya gari. Usiivute kwa kuipindisha pembeni, kwa sababu upande wa pili imeshikiliwa na vile vipini, ukipindisha unavivunja. Itang'ang'ania kidogo kisha itaachia ghafla, ishikilie kwa mkono wa pili maana waya bado ziko nyuma.

Holda izungushe kushoto, inatoka na balbu yake. Balbu ya vijipini unaibonyeza ndani kidogo, unazungusha kushoto, inatoka. Zile za kioo kitupu zisizo na kitako cha chuma unavuta tu. Itazame juani: uzi umekatika, au kioo kimekuwa cheusi kama moshi, hiyo imekufa. Ipeleke hiyohiyo dukani upewe inayofanana nayo, vitone vyake na vijipini vyake. Na sisi wa pwani tutazame pia ndani ya holda. Hewa ya chumvi inaotesha ukoga wa kijani kwenye vyuma, na mara nyingine balbu ni nzima kabisa, tatizo ni ukoga. Msasa laini unatosha. Jaribu kabla ya kurudisha bolti, mtu akanyage breki wewe ukiwa nyuma, taa zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa. Lazima uone mwanga unaongezeka. Bolti usizikaze kwa nguvu zako zote, plastiki itapasuka.

Stopu zikizima zote kwa mpigo, usikubali kuuziwa taa. Anza na fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedeli ya breki.

Na ukilazimika kwenda kwa fundi, msimamie. Ukiambiwa kapate chai, jibu kwamba utainywa akimaliza. Usikubali akate waya, taa zina soketi. Kilichotolewa kwenye gari lako ni chako, ondoka nacho hata kama ni kibovu. Piga picha taa zako leo, kwa karibu, kila ufa na kila mkwaruzo.

Aliyewahi kubadilishiwa taa Mtwara mjini tangu msimu huu wa korosho uanze, jioni ya leo fanya hivi: zima taa zote, kanyaga breki, tazama dashibodi. Ikiwaka, usitoke usiku mpaka balbu zibadilishwe.

Taa yangu ya kushoto bado iko mtaani. Ni ya Toyota, kioo cha indiketa kina mkwaruzo mrefu wa kuelekea chini, ulitokana na tenga la dagaa. Nyuma, karibu na tundu la bolti ya juu, nilikwaruza herufi Z kwa msumari. Ukiuziwa au ukiiona kwenye gari la mtu, usigombane naye, huenda naye ameinunua kwa hela yake. Mwambie tu anitafute, RB ninayo, twende pamoja.