Kifaa cha kutia oili waya wa breki: angalia mpira kwanza

Buibui langu lina doa kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Nimelifua mara tatu kwa sabuni ya kipande, doa liko palepale. Ni oili ya waya wa breki, na wala sikuimwaga. Nilifanya kama nilivyoelekezwa: nikakibana kile kidude kwenye mdomo wa ganda la waya, yaani ule mpira wa nje unaoufunika waya, nikachomeka mrija wa kopo la oili ya kupuliza, nikabonyeza. Oili ilitakiwa iteremke ndani ya ganda mpaka itokee chini. Yangu iligeuza njia, ikarudi juu, ikaniingia mkononi. Shilingi 1,450 hizo, na pesa ya kusafirisha mzigo kutoka Mombasa kando.

Nilikuwa na sababu ya kukinunua. Naendesha baiskeli kwenda Mambrui na kurudi, na breki ya mbele ilikuwa imeanza kung'ang'ania: naivuta inashika, naiachilia hairudi, tairi inasagika hadi nishuke niisukume kwa kidole. Anayekaa Malindi anajua sababu. Chumvi ya hapa huingia hata kwenye kufuli la kabati, sembuse ganda la waya lililo wazi ncha zote mbili. Jirani yangu mzee mwenye baiskeli ya Black Mamba hunicheka tu, maana breki zake ni vyuma vitupu, hazina waya hata mmoja. Na nyinyi wa Lamu msiniandikie, punda hatiwi oili.

Haya, kununua. Rangi, uzito, alumini au plastiki, hayo siyaangalii. Naangalia mpira.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kama kizibo kilichopasuliwa ubavuni, na ndani mna mpira wenye tundu la kupitishia mrija. Kazi yote iko kwenye mpira huo: upande mmoja ubane ganda la nje, upande wa pili ubane waya wa ndani, oili ikose pa kutokea isipokuwa chini. Sasa, ganda la breki ya baiskeli lina unene wa kama milimita 5 na waya wake 1.5 au 1.6. La gia ni jembamba zaidi, milimita 4, na waya wake 1.1 au 1.2. Vifaa vingi madukani vimepimwa kwa pikipiki. Ukikibana kwenye waya wa gia, inabaki nafasi ndogo usiyoiona kwa macho, lakini oili inaiona.

Halafu kuna lile ambalo muuzaji hakwambii. Mpira wa kawaida hunywa oili, ukavimba na kulegea. Wangu niliuacha usiku mmoja ukiwa na oili, asubuhi ukawa laini kama ufizi na haukuingia tena mahali pake. Mpira unaostahimili ni ule uitwao naitraili. Muulize muuzaji neno hilo moja. Akianza kukueleza habari za rangi, ondoka.

Kwa hiyo wa kwanza kwangu ni Motion Pro, na mapenzi yangu siyafichi. Ni kampuni ya Marekani ya vifaa vya pikipiki, ndiyo, lakini changu alichoniletea shemeji mpira wake unabana na haujavimba mpaka leo. Kwenye ganda la gia nazungushia kwanza kipande cha tyubu kuukuu. Fungua waya kwenye mkono wa breki, anzia juu, na chini weka kitambaa, kwa sababu oili ikigusa rimu au raba za breki utasimamia ukutani. Bonyeza kidogokidogo. Kwanza hutoka maji meusi yenye kutu. Yakitoka masafi, acha.

Wa pili ni chupa ndogo yenye ncha kama sindano. Inafaa ikiwa vishikio vya ganda kwenye fremu vina mkato: unalegeza breki, unachomoa ganda, unalisogeza, unafuta waya, unatia matone. Hakuna cha kubana, basi hakuna cha kuvuja.

Kopo na mrija wake peke yake ni la tatu. Wengi mnatumia WD-40. Hizo herufi WD zenyewe ni za kufukuza maji kwa Kiingereza, na kwa hilo ni nzuri, lakini haikai; ikikauka fuatisha oili ya kweli. Maganda ya gia ya Shimano SP41 hutoka kiwandani yakiwa na girisi ndani, kwa hiyo ukipuliza humo unaiosha girisi uliyoilipia.

Bomba la sindano la duka la dawa? Linafanya kazi. Na waya uliokwisha kuchanika nyuzi hautibiwi kwa oili, badilisha.

Sasa niseme la moyoni. Picha aliyonionyesha yule muuzaji ilikuwa ya kifaa chenye skrubu mbili, kilichofika kina moja. Nilipompigia akaniambia, "Dadangu, hiyo ni orijino, wewe ndiye hujui kuifunga." Na bei nayo. Mwenzangu aliyeko Mombasa aliuliza kifaa hichohicho akatajiwa 1,100. Wakisikia Malindi wanadhani kila mtu huku anakaa kwenye nyumba ya Mtaliano yenye bwawa la kuogelea. Nikamwomba basi aniuzie mpira peke yake, nitajua cha kufanya na chuma. Akasema mpira hauuzwi peke yake, ninunue kingine.