Bawa la nyuma kwenye Toyota 86: tathmini baada ya miezi mitano barabarani Unguja

Bawa ninalolizungumzia ni la aluminiamu, lina upana wa sentimita 130 na kina cha sentimita 20. Nililinunua likiwa limetumika, kutoka shehena ya vipuri vya Japani, na likafungwa kwenye gari katika gereji moja ya mjini ambayo sitaitaja jina. Nimelitumia miezi mitano kwenye Toyota 86 yangu, na ninawaandikia vijana wenzangu wa visiwani wanaokusudia kutoa fedha zao kwa kitu kama hiki.

"Sheikh wangu, ukishafunga hii, gari inaganda barabarani," aliniambia fundi, na katika asili ya jambo hakukosea. Bawa la gari ni bawa la ndege lililopinduliwa, na yeyote aliyewahi kushika demani ya ngalawa na kuona tanga linavyoukunja upepo ataelewa haraka: hewa ikipindishwa kwenda juu, bawa husukumwa chini, na magurudumu ya nyuma hukandamizwa barabarani bila ya gari kupakiwa mzigo. Kilichoachwa kusemwa ni mwendo. Kani ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiwa mara mbili kani huwa mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuishinda hewa hiyo huwa mara nane. Kwa hesabu niliyoipiga, bawa la kipimo hiki likipata hewa safi hukandamiza kwa uzito wa kilo 8 hivi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao haufiki ndoo ya maji ya lita 10. Kwa kilomita 200 lingefika kilo 50, lakini Unguja na Pemba hazina barabara ya kwendea mwendo huo, na mtu asijaribu. Nililipima bawa lenyewe pamoja na miguu yake kwenye mizani ya duka la jirani: kilo 5 na nusu.

Mabawa ya viwandani yana historia ya kweli, nami nayaheshimu. Porsche 911 za mwanzo, kwa ule mgongo wao wa kuteremka, zilikuwa zikinyanyuliwa nyuma katika mwendo mkubwa, kwa sababu hewa inayopita juu ya mgongo uliopinda huenda kasi na mgandamizo wake hushuka. Carrera RS ya 1973 ikapewa ukingo mfupi uliopewa jina la mkia wa bata, na kunyanyuka kule kukapungua. Kwa 911 GT3 RS ya kizazi cha 992, kampuni inataja mkandamizo wa kilo 409 kwa kilomita 200 kwa saa, na kilo 860 kwa kilomita 285. Lakini tazameni unavyopatikana: bawa limeinuliwa kupita paa ili lipate hewa isiyovurugika, pua nayo imewekewa mabawa yake, na dereva anaweza kulilaza bawa la nyuma kwenye njia iliyonyooka ili ukinzani wa hewa upungue.

Gari yangu haikuongezwa kitu mbele. Bawa limekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na ngalawa iliyopakiwa mzigo wote tezini huinuka omo. Ndivyo inavyotaka kufanya gari iliyofungwa bawa la nyuma peke yake.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni nyuzi. Nilikata vipande vya uzi wa sufu, kila kimoja urefu wa kidole, nikavibandika kwa utepe kwenye kioo cha nyuma, juu ya buti na chini ya bawa, kisha alfajiri moja nikaenda njia ya Tunguu kwa kilomita 80 huku mdogo wangu akipiga picha za video kutoka gari ya nyuma. Nyuzi za kwenye kioo zililala sawasawa kufuata mkondo wa hewa. Zile za chini ya bawa zilikuwa zikipapatika, na nyingine ziligeuka zikaelekea mbele, ishara ya kwamba hewa imeshaachana na bawa. Fundi alilifunga kwa mwinamo wa digrii 25 hivi kwa kuwa linapendeza likisimama, na kwa mwinamo huo bawa moja la kawaida huzidiwa, likapoteza mkandamizo na kuongeza ukinzani. Nililegeza boliti nikalishusha hadi digrii 8, na nyuzi zikatulia.

Ukinzani huo hulipiwa kila safari. Toyota walitangaza kizigeu cha ukinzani wa hewa cha 0.27 kwa gari hii (kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo umbo linavyoipasua hewa kwa wepesi), kiasi kizuri sana, na kwa kilomita 80 hewa huizuia kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 16 tu. Msimu wa kusi, ukielekea Makunduchi upepo wa kilomita 25 ukikupiga usoni, gari huona hewa ya kilomita 105, na kani hiyo hupanda kwa zaidi ya theluthi mbili. Kuikokotesha gari bawa lililosimama juu ya hayo ni kuiharibu kazi nzuri ya walioiunda.

Ufungaji ndio ulioniudhi. Boliti nne zilipitishwa kwenye bati tupu la buti bila ya bamba la kulishikilia kwa ndani wala mpira wa kuzuia maji. Kwa matuta ya Jozani peke yake, yaliyowekwa kuwalinda kima punju, bati lilianza kupasuka kandokando ya boliti mbili. Masika ilipoingia nikakuta maji chini ya tairi la akiba, na kutu ya rangi ya hina imeshazunguka mashimo. Hewa yetu ya chumvi haisubiri. Anayelitaka bawa kwa sura yake na alinunue, lakini adai bamba la ndani na mpira kabla ya shimo la kwanza kutobolewa, na mwinamo usipite digrii 10.

Mimi nimelivua. Mashimo yamezibwa na kupigwa rangi, na ukingo mdogo wa kiwandani umerudi mahali pake. Nilibandika nyuzi tena, nikapita njia ile ile ya Tunguu: zililala zote, kutoka kwenye kioo hadi mwisho wa buti.