Ziara ya "Nairobi yote kwa siku moja": mlango ulifungwa tukiwa Jogoo Road

Nyota moja. Mwanzo niliweka mbili, nikaifuta moja nilipokumbuka dereva alivyomwita shangazi yangu "mathee", kama mama yeyote wa mtaani.

Jina la kampuni silitaji, wenyewe watajijua. Wanakuchukua mjini asubuhi kwa van na kukuzungusha mitaani. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Kakamega, na kwenye orodha yao Kaloleni, mtaa wa zamani wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, iliandikwa wazi kabisa. Alizaliwa huko, babake akiwa ameajiriwa na baraza la jiji. Hakutaka kuona twiga wala jumba refu. Alitaka kuona nyumba yao. Nikalipa, na haikuwa pesa kidogo.

Karen tulikaa mpaka nikachoka. Mnashushwa kwenye duka la vinyago ambako dereva anasalimiana na kila muuzaji kwa jina (mnaelewa), halafu kahawa, halafu miti. Ni geti na ua, geti na ua, mpaka shangazi akauliza, "Sasa watu wa huku wanaishi wapi?" Parklands tulikula bhajia pale Diamond Plaza, na hapo sina neno. Chatini yao ni moto na haina mchezo.

Kufika mchana, Waiyaki Way ikashikana. Dereva akapanda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, kisha akatugeukia na kutuambia tuchange pesa ya barabara kwa sababu "hiyo haiko kwa bei". Hebu fikiria! Nimelipia mitaa, halafu nalipa tena nipitishwe juu ya mitaa. Barabara hiyo ina kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na kwa mwenye haraka ni nzuri. Lakini ukiwa kule juu unaona mabango na mapaa tu. Ngara ikatupita hivyo, Pangani ikatupita, Eastleigh hatukunusa hata iliki ya chai yao. Kariokor, ambako nilitaka kununua viatu vya akala, vile vya tairi, dereva alisema "tutaona". Hatukuona.

Binti aliyekuwa akituongoza hana makosa, na haya yasimguse. Tulipoteremka Haile Selassie Avenue na kushika Jogoo Road alianza kueleza vizuri kabisa: Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakitumika katika ujenzi, na ukumbi wake ulikuwa uwanja wa siasa kabla ya uhuru. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, hapo hapo." Dereva akaongeza sauti ya redio.

Tulipopita Uwanja wa City, shangazi akamwomba asimame. Kwa heshima, "Kijana wangu, nishushe kidogo tu." Nikasikia vitasa vyote vikijifunga kwa mpigo. "Hapa hatusimami. Ni usalama wenu." Nje ya dirisha watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara na mama mmoja anageuza mandazi kwenye karai. Usalama gani? Shangazi akaomba tena, akijaribu kushusha kioo ambacho hakikushuka. Ndipo akaambiwa, "Mathee, kama ni ghetto unataka, ungesema mapema." Mama wa miaka yake! Mbele ya wageni waliolipia viti vyao! Aliupakata mkoba wake, hakusema lolote mpaka mjini.

Siku chache baadaye nilimchukua mwenyewe, tukapanda matatu namba 58. Konda aliposikia tunashuka Kaloleni alipiga bodi, akamshika shangazi mkono: "Shosh, polepole, hakuna haraka." Nauli yetu wote wawili haikufika hata pesa ya barabara niliyochangishwa. Nyumba za mawe bado zipo, vigae vyekundu juu, ingawa vibanda vya mabati vimezizunguka mpaka shangazi akapotea mara mbili kabla ya kuitambua ya kwao. Mwenye nyumba wa sasa alitutolea viti nje.

Niwe mkweli, mgeni aliyetua jana, hajui mtu, na anataka Karen na Westlands bila kuhangaika, labda atafurahia. Van ni safi na wanafika kwa wakati. Basi tuseme nyota mbili? Hapana. Nikisema mbili nitakuwa nasema Nairobi inaishia pale lami nzuri inapoishia. Kama hampeleki watu Eastlands, futeni Eastlands kwenye orodha yenu.

Nilipolalamika walinijibu "asante kwa maoni yako" na kunipa punguzo la ziara nyingine. Ziara nyingine! Nirudishieni pesa ya Expressway, na yule dereva ampigie shangazi simu amwombe radhi. Hapo nitafikiria ile nyota ya pili.