Uzoefu wangu: kupima kalsiamu ya moyo kwa CT

Marehemu baba alianguka alfajiri akitoka msikitini, akiwa na miaka 56. Hakuwahi kulalamika kifua. Mimi mwaka huu nimefikisha 51, ndiyo maana nilikwenda kupimwa kalsiamu ya moyo kwa CT, mashine ya picha za mionzi, katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam.

Miezi miwili kabla nilikuwa nimepima ECG na eko, zote safi, nikarudi nyumbani nimetulia. Kumbe ECG husoma umeme wa moyo, na eko huonyesha moyo unavyosukuma damu na valvu zinavyofunga. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe inaweza kuwa imeanza kuziba na vipimo hivyo visione kitu. Mafuta yakikaa miaka kwenye kuta za mishipa hushika chokaa, ndiyo hiyo kalsiamu, na CT huiona chokaa hiyo kama madoa meupe. Kompyuta huyajumlisha kwa hesabu ya Agatston, iliyochapishwa mwaka 1990, ukapewa namba moja.

Kupimwa kwenyewe ni rahisi sana. Hakuna sindano wala dawa ya rangi. Unalala chali, unabandikwa vibandiko vya ECG kifuani ili picha ipigwe moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo, kisha dada wa mionzi anasema, "Baba, vuta pumzi, bana." Sekunde chache, basi. Mionzi yake ni kama milisieverti 1, chini ya ile ya asili tunayoipata kwa mwaka. Ila hakuna aliyenitahadharisha nisinywe kahawa asubuhi ile. Mapigo yalisoma 88, nikakalishwa karibu saa nzima yashuke, maana moyo ukienda mbio picha hutoka na ukungu.

Kilichoniumiza ni majibu. Ijumaa jioni nilipewa bahasha dirishani, Kiingereza kitupu, na namba: 137. Daktari hayupo. Siku mbili sikulala. Mke wangu akiniuliza nina nini, nashindwa hata kumweleza.

Jumatatu nikamwona daktari wa moyo kwingine. Akanifafanulia: 0 ni kwamba chokaa haikuonekana, 1 hadi 99 ni kidogo, 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 kwenda juu ni nyingi. Kwa umri wangu 137 si ya kupuuza. Akanianzishia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na presha yangu, niliyokuwa nikiipima nikikumbuka tu, sasa naiandika kwenye daftari. Akanionya pia nisikimbilie kurudia kipimo kila mwaka, kwa sababu dawa yenyewe huweza kuyakausha mafuta laini, namba ikapanda wakati hatari inashuka. Na mwenye 0 asijisahau, hasa mvuta sigara au mwenye kisukari: mafuta ambayo hayajashika chokaa hayaonekani hapo.

Bima haikulipa, nilitoa mfukoni. Ningelipa tena, lakini ningepanga kwanza daktari wa kunisomea majibu siku ileile.

Mdogo wangu aliposikia akapiga simu, naye anataka kipimo hicho, maana akipanda ngazi kifua kinambana. Nikamwambia hicho si chake. Hiki ni cha asiye na dalili. Anayebanwa kifua aende kwa daktari moja kwa moja. Kesho yake asubuhi nilimpeleka mwenyewe.